WANAWAKE WA MSAFARA WA VITA: NANI ANAWAHESABU?



Ndugu yangu, kabla hujapita, nipe dakika tatu.

Umm Atiyyah al-Ansariyyah (r.a.) anasimulia, na Imamu Muslim amelipokea hilo katika Sahihi yake, kwamba alitoka na Mtume (s.a.w.) katika vita saba. Alikuwa akibaki kambini, akiwapikia wapiganaji, akiwatibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa. Zingatia hiyo saba. Mpishi na muuguzi wa kambini amehesabiwa vita vyake, na tunavisoma mpaka leo, kama tunavyosoma habari za Nusaybah bint Ka'ab (r.a.) aliyemkinga Mtume (s.a.w.) kwa upanga siku ya Uhud.

Sasa rudi nyumbani kwetu Moshi.

Sisi wa Njoro tunaijua reli ya Tanga. Ilifika Moshi mwaka 1911. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliifanya Moshi ngome yao ya kaskazini, wakitazamana na Waingereza upande wa Taveta. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yakaingia Moshi, na Lettow-Vorbeck akarudi nyuma kuelekea kusini. Akavuka Mto Ruvuma Novemba 1917, akazunguka Msumbiji, na akaja kuweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia.

Vitabu vinamtaja yeye na askari wake. Lakini msafara ule ulikuwa na wanawake. Askari walitembea na wake zao: mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Wao ndio waliotafuta nafaka, wakatwanga, wakapika, wakauguza. Wapo waliojifungua njiani, na safari ikaendelea. Askari wengi walikuwa Waislamu, na wanawake wengi wa kambi zile pia.

Nenda Dar es Salaam uitazame Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Mwanamume mmoja na bunduki yake. Maandishi yake yanawataja askari na wapagazi. Mwanamke aliyetwanga unga wa jeshi zima hatajwi.

Utaniuliza: "Sheikh, vile si vilikuwa vita vya wakoloni? Tuwakumbuke kwa lipi?"

Swali zuri. Hatuvisifu vita vile. Mzungu alipigana na Mzungu mwenzake juu ya ardhi yetu, na aliyekufa kwa njaa na maradhi ni mtu wetu. Na katika wanawake wale wapo ambao asili yao ni mateka wa vita vya Wajerumani vya kabla ya hapo, hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Lakini kumkumbuka mtu ni kumpa haki yake. Allah ametuambia katika Surat Aal Imran, aya ya 195, kwamba hapotezi kazi ya mtendaji, awe mwanamume au mwanamke. Yeye Mola hapotezi, sisi tunapoteza kwa nini?

Basi nakuomba mambo matatu.

1. Mkalishe bibi au babu yako, umuulize: mama zake walikuwa wapi wakati wa vita vya Mjerumani? Andika jina, hata likiwa moja.

2. Waombee rehema waliokufa katika Uislamu, hasa waliozikwa porini bila hata jiwe la kuonyesha kaburi.

3. Itazame shughuli ijayo ya msikitini kwako. Waliokesha jikoni watatajwa, au atashukuriwa aliyeshika kipaza sauti peke yake?

Ewe Allah, warehemu mama zetu walioubeba mzigo wa vita wasivyovianzisha, na usitujaalie kuwa watu wa kusahau wema. Aamin.

Wallahu a'lam.

Mfikishie na mwenzako.