Maua ya Aprili, Tisheti ya Desemba

Wasee, hii mada nimekaa nayo muda. Kila mwaka wiki ya mwisho ya Aprili ikifika, simu inajaa picha za masekretari wameshika maua na keki. Ikifika Desemba 5 ni zamu ya wanaojitolea: tisheti, cheti, pilau na soda, halafu picha ya pamoja. Na maneno chini ya picha ni yale yale, ati bila nyinyi hatungeweza.

Sasa mimi nauliza. Kama kweli bila wao mambo hayaendi, mbona wao ndio wanalipwa kidogo kuliko wote hapo ofisini, na wengine hawalipwi kabisa? Na hizi siku zenyewe zilitoka wapi? Ni nani aliamka asubuhi moja akasema leo tushukuru sekretari? Nilianza kufuata hiyo historia nikidhani itakuwa kavu. Haiko kavu hata kidogo.

Tuanzie Marekani, juu huko ndiko siku ya masekretari ilizaliwa. Kitu cha kwanza kujua ni kwamba zamani ukarani ulikuwa kazi ya wanaume. Kijana aliingia ofisini kuandika barua na kuweka hesabu akijua siku moja anaweza kuwa meneja, au hata mwenye kampuni. Halafu miaka ya 1870 kampuni ya Remington ikaanza kuuza taipureta. Wanawake wakaingia ofisini kwa wingi kupiga chapa, na polepole kazi ikabadilika sura. Mshahara ukawa wa chini na ngazi ya kupanda ikaondolewa. Sekretari akawa mtu wa kukaa pale pale miaka 30, akifundisha mabosi wapya kazi ambayo yeye mwenyewe hawezi kupewa.

Ruka hadi 1952. Vita vya Pili vya Dunia vimeisha, biashara zinapanuka, kila kampuni inatafuta masekretari na hawatoshi. Hapo ndipo Wiki ya Masekretari inaletwa. Angalia basi walioileta. Kulikuwa na Mary Barrett, rais wa chama cha kitaifa cha masekretari, huyo sawa. Kulikuwa na C. King Woodbridge, rais wa Dictaphone, kampuni iliyotengeneza mashine ambayo bosi anaongelea halafu sekretari anasikiliza na kuandika. Na kulikuwa na Harry Klemfuss, mtu wa kutangaza bidhaa kutoka Young & Rubicam, mojawapo ya kampuni kubwa za matangazo New York. Waziri wa Biashara wa Marekani, Charles Sawyer, akatangaza wiki ya kwanza iwe Juni 1 hadi 7, na Jumatano ya Juni 4 ikawa siku yenyewe. Mwaka 1955 ikahamishwa ikaenda Aprili, na hapo ndipo iko hadi leo.

Umeona hiyo meza? Sekretari mmoja, muuza mashine za ofisi mmoja, mtu wa matangazo mmoja, na serikali. Sisemi walikuwa wabaya. Klemfuss mwenyewe aliamini hiyo kazi ina thamani, na alitaka wasichana wengi waione kama kazi ya maana. Lakini fikiria kama mfanyabiashara. Ukikosa wafanyakazi, unaweza kuongeza mshahara hadi waje. Ama unaweza kuifanya kazi ionekane tamu, na maua ni bei rahisi kuliko nyongeza ya mshahara. Mwenye duka la maua naye hakulalamika.

Sasa story inahamia Boston, na hapa ndipo mimi nilikaa wima kwenye kiti. Mwanzo wa miaka ya 1970 kulikuwa na wasichana wawili wanapiga chapa pale Chuo Kikuu cha Harvard, Karen Nussbaum na Ellen Cassedy. Nussbaum amesimulia mara nyingi kisa kimoja. Alikuwa ameketi kwenye dawati lake. Mwanafunzi akaja mlangoni, akamwangalia usoni kabisa, akauliza kama hakuna mtu hapo ndani.

Soma tena. Alimwangalia usoni halafu akauliza kama kuna mtu.

Hao wawili na wenzao wachache wakaanza kuandika jarida dogo la makarani wa Boston na kuwagawia wanawake waliokuwa wanaenda kazini asubuhi. Mwaka 1973 wakaunda kikundi, wakakiita 9to5. Kufikia 1974 walikuwa wametoa hati ya haki za wafanyakazi wa ofisini. Usifikirie waliomba mwezi na nyota. Waliomba kila mtu apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, ajue ameajiriwa kufanya nini. Waliomba saa za ziada zilipwe, mama akijifungua asipoteze, na bosi asikutume mambo yake ya nyumbani kama hutaki. Hayo tu.

Na siku ya masekretari walifanya nini nayo? Waliigeuza. Maua yalikuwa yakiletwa, wao wakaja na maneno yao ambayo kwa Kiingereza yana mlio fulani: Raises, not roses. Tunataka nyongeza, si waridi. Walikuwa pia na mashindano ya kumtafuta bosi aliyemtuma sekretari kitu cha ajabu kuliko wote. Kuna mmoja aliyemwambia sekretari amshonee suruali iliyochanika, akiwa ameivaa.

Ujanja wao mimi naupenda. Wangeweza kuikataa hiyo siku kabisa, wakaonekana watu wasio na shukrani. Badala yake walisema: sawa, ni siku yetu, basi leo sisi ndio tunaongea. Ile kamera iliyokuja kupiga picha ya maua ikapiga picha ya mabango.

Huko Chicago mwaka 1977 sekretari mmoja wa ofisi ya mawakili, Iris Rivera, alifutwa kazi kwa sababu alikataa kumpikia bosi kahawa. Kahawa tu. Alisema hakuandikwa kazi kupika kahawa. Wanawake wa mji ule wakaandamana kwenda ofisini kwao, wakapeleka machicha ya kahawa iliyotumika. Rivera akarudishiwa kazi. Kuna watu watasema huo ni ukaidi, kwani kikombe kimoja cha kahawa kinaua? Lakini kikombe hakikuwa tatizo. Tatizo ni kazi isiyoandikwa popote. Kama haijaandikwa, haina mwisho na haina malipo, na siku ukikataa unaambiwa una kiburi.

Jane Fonda, ambaye alikuwa anajuana na Nussbaum tangu harakati za kupinga vita vya Vietnam, alisikia hizi story akaamua zinafaa filamu. Ndiyo ile 9 to 5 ya mwaka 1980, yeye, Lily Tomlin na Dolly Parton. Mdundo wa wimbo wake Parton aliupata akigonga kucha zake za bandia, zikilia kama taipureta. Watu wazima wengi wanaujua wimbo lakini hawajui kwamba nyuma yake kulikuwa na chama cha kweli cha makarani, na kwamba mwaka 1981 wanachama wake walisaidia kuanzisha tawi la chama cha wafanyakazi la kupigania mishahara nchi nzima. Nussbaum mwenyewe baadaye, mwaka 1993, aliwekwa kuongoza idara ya wanawake kwenye Wizara ya Kazi ya Marekani. Yule ambaye hakuonekana.

Na siku ya masekretari? Ilibadilishwa jina. Mwaka 1981 ikaongezewa neno la kuonyesha kwamba ni kazi ya kitaalamu, na mwaka 2000 neno sekretari likatolewa kabisa. Jina likawa refu, maua yakabaki.

Turudi nyumbani, kwa sababu ukisoma hiyo story ya kahawa ukiwa Nairobi lazima ufikirie chai. Chai ya saa nne. Ofisi zetu nyingi zina mtu ambaye barua yake ya kazi, kama iko, inasema usafi, lakini yeye ndiye anapika chai, anaenda benki, anapokea wageni, anajua funguo za stoo ziko wapi, na anajua bosi ameamka vibaya leo kwa hivyo usiingie. Mahali nilifanya atachmenti, sitapataja, mathe wa chai alijua nani hanywi sukari kabla HR wajue majina yetu. Siku ya kupiga picha ya wafanyakazi wote, yeye ndiye alipewa simu atupige. Kwenye hiyo picha hayuko.

Na hawa watu wa pembeni ya ofisi, historia yetu imewapitia sana kuliko tunavyofundishwa. Harry Thuku alikuwa mtu wa kupokea simu pale Hazina ya serikali ya kikoloni Nairobi. Mwaka 1921 walowezi walipotaka kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, huyo mtu wa simu ndiye aliyewakusanya wafanyakazi kupinga. Kazi aliipoteza, na Machi 1922 akakamatwa, na watu waliokuja kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Shuleni tulisoma kama habari ya siasa. Lakini ilianza na mshahara.

Upande wa kujitolea ndio unaniuma zaidi, kwa sababu hapo hata mshahara mdogo wa kulalamikia hakuna. Hiyo Desemba 5 ilitoka Umoja wa Mataifa, azimio la Desemba 1985. Nia ilikuwa nzuri. Lakini hapa Kenya kuna kundi moja ambalo ukilifuata unaona vizuri shukrani ikigeuka kuwa deni.

Ukikaa Mathare, Mukuru, Kibera, ama hata kijijini kwa shosho, unawajua. Ni yule mama anayebisha mlango kuuliza kama mtoto amechanjwa, anayefuatilia mgonjwa wa TB kama amemeza dawa, anayemwambia msichana mwenye mimba aende kliniki mapema. Serikali ilipozindua mpango wa afya ya jamii mwaka 2006, hao ndio walikuwa miguu yake, na kila mmoja anasimamia karibu nyumba 100. Jina lao rasmi lilikuwa na neno kujitolea ndani. Wakati wa Corona walitembea mitaani wakati sisi tumejifungia. Baada ya ugatuzi wa 2013 kaunti zingine zilianza kuwapa posho kidogo, zingine zikaendelea na asante.

Sasa mtu atasema, kujitolea ni kujitolea, ukitaka pesa si basi utafute kazi. Nimesikia hiyo hoja na nadhani inafaa mtu anayeenda kupanda miti Jumamosi moja. Mtu ambaye ana eneo lake, ana ripoti ya kujaza kila mwezi, ana mkubwa wa kumwuliza mbona hujatembelea nyumba fulani, huyo ni mfanyakazi. Neno kujitolea hapo limewekwa kufanya kazi ya kupunguza bajeti. Na wengi wao ni wanawake, kama tu wale wa Boston. Kazi ya kujali watu wengine ikifanywa na mama, kuna mahali tuliamua kwamba roho nzuri yake ndiyo malipo yake.

Septemba 25, 2023, pale Uhuru Park, Rais William Ruto aliwazindua upya, zaidi ya 100,000. Walipewa mikoba yenye vifaa, kuna kipimo cha presha, cha sukari, na simu za kutuma taarifa. Jina likabadilishwa, kujitolea ikatoka, wakawa wahamasishaji wa afya. Na wakaahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti.

Mimi nasema hiyo ni hatua, na kubwa, usinielewe vibaya. Kutoka sifuri hadi 5,000 ni pesa ya unga na ya karo kidogo. Lakini piga hesabu. 5,000 kwa nyumba 100 ni shilingi 50 kwa nyumba moja, mwezi mzima. Hiyo ni chai na mandazi mbili kwa kibanda. Halafu kwa sababu inatoka mifuko miwili, tangu hapo tumesikia malalamiko mara kadhaa kwamba upande mmoja umelipa na mwingine bado, ama pesa imekaa miezi.

Ukisikiliza hao kina mama wakiongea sasa, wanataka nini? Kandarasi. Tarehe ya malipo inayojulikana. Bima. Nikisoma hayo naona ile hati ya Boston ya 1974 karibu neno kwa neno, na sidhani kuna mtu aliwatumia.

Desemba 5 iko njiani na tisheti zitachapishwa kama kawaida. Nitakuwa naangalia kama pesa ya Novemba itakuwa imeingia.