Askofu wa Unguja na Shokoa ya Waingereza

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba Mwenyezi Mungu hana upendeleo, na kwamba hata wasioletewa torati wanayo sharia mioyoni mwao, nayo dhamiri huwashuhudia. Lakini ni wachache miongoni mwa wakubwa wa dini waliothubutu kuipima serikali ya taifa lao wenyewe kwa mizani hiyo. Frank Weston, Mwingereza aliyekuwa Askofu wa Unguja tangu 1908 hadi alipofariki 1924, alithubutu. Mwaka 1918 alitoa kijitabu cha kushutumu dhuluma za Wadachi katika koloni lao la Afrika Mashariki, wala Waingereza hawakuchukizwa, maana, tusifichane, adui akitukanwa nani asiyesikiliza?

Mwaka uliofuata, chini ya Gavana Northey, serikali ya nchi iitwayo leo Kenya ilitoa waraka ulioagiza maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, hata wanawake na watoto ikiwa shamba li karibu; na himizo la chifu lilikuwa sawa na amri. Na maaskofu wa Mombasa na Uganda, badala ya kuikana shokoa hiyo, waliikubali kwa masharti. Weston, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza dhidi ya Wadachi aliwaongoza yeye mwenyewe wapagazi wa Unguja na kuandamana nao kwa miguu, hakutaka kusikia masharti. Mwaka 1920 akatoa kijitabu cha pili, akiwaita Waafrika watwana wa Uingereza, na kuwahukumu Waingereza wenzake kwa sharia ile ile aliyowahukumia Wadachi.

Mwaka 1921 Churchill, Waziri wa Makoloni, alikataza maofisa kuwatafutia walowezi vibarua. Kazi ya lazima ya serikali yenyewe haikuondolewa.