Kofia Ngumu: Sheria Iliyoanzia Hospitalini



Karibu na lango la shule ninayofundisha kuna kituo cha bodaboda chenye mwembe mmoja na benchi moja. Jioni moja muhula uliopita nilijibanza hapo nikisubiri mvua ikatike, nikawasikiliza waendeshaji wakibishana. Asubuhi hiyo askari wa usalama barabarani walikuwa wamekamata pikipiki tatu kwa sababu wenyewe hawakuvaa kofia ngumu. Kijana mmoja alidai kwamba kofia humziba masikio na kumtoa jasho. Mwenzake akasema sheria hiyo ilitungwa ili askari wapate cha kula. Aliyewazidi umri, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza: “Lakini jamani, sheria hii ilianzia wapi? Ni nani aliyeiwaza kwanza?”

Hakuna aliyemjibu. Wakanigeukia mimi kwa kuwa ni mwalimu, nami sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu langu, japo limechelewa.

Kifo kilichomsumbua daktari

Tarehe 13 Mei 1935, katika wilaya ya Dorset kusini mwa Uingereza, mtu mmoja alikuwa akirudi nyumbani kwa pikipiki yake aina ya Brough Superior. Alikuwa T. E. Lawrence, afisa wa zamani aliyepata umaarufu kwa kupigana bega kwa bega na Waarabu dhidi ya dola ya Waturuki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ghafla akawakuta mbele yake wavulana wawili waliopanda baiskeli. Akajaribu kuwakwepa, akarushwa kutoka kwenye pikipiki, kichwa kikaumia vibaya. Hakuwa na kofia. Alikaa siku sita bila fahamu, akafariki tarehe 19 Mei akiwa na umri wa miaka 46.

Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtibu alikuwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia na bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hakuweza kumwokoa mgonjwa wake, lakini aliondoka na swali: ni vijana wangapi wanaokufa kwa namna hii, na je, vifo hivyo haviepukiki?

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, swali hilo lilizidi uzito. Taa za barabarani zilizimwa usiku kwa kuhofia ndege za adui, na matarishi wa jeshi walipeleka barua kwa pikipiki katika giza hilo. Mwaka 1941 Cairns alichapisha utafiti wake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa barabarani, na kwamba majeraha ya kichwa ndiyo yaliyoongoza. Majeruhi aliowaona yeye mwenyewe ambao walikuwa wamevaa kofia walikuwa saba tu, na wote saba walipona.

Jeshi halikusubiri ushahidi zaidi. Mnamo Novemba 1941 liliwaamuru matarishi wake wote wavae kofia ngumu. Cairns akaendelea kuhesabu, na mwaka 1946 akachapisha makala mengine yaliyoonyesha jinsi vifo vilivyopungua. Kwa hiyo wazo la sheria hii halikutoka kwa askari wala kwa mbunge. Lilitoka kwa daktari aliyechoka kuwafunika vijana shuka.

Sheria na uhuru wa raia

Kutoka amri ya jeshi hadi sheria ya raia wote ilikuwa safari ndefu. Jimbo la Victoria nchini Australia, nchi alikozaliwa Cairns, lilitangulia mwaka 1961. Uingereza yenyewe ilingoja hadi tarehe 1 Juni 1973, yaani zaidi ya miaka thelathini baada ya utafiti ule. Cairns alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1952.

Kwa nini safari ikawa ndefu kiasi hicho? Sababu mojawapo ni kwamba sheria hii hugusa swali gumu la uraia: je, serikali ina haki ya kumlinda mtu dhidi ya uamuzi wake mwenyewe? Waliopinga walisema kwamba kichwa ni changu, na nikikivunja nitaumia mimi. Waliounga mkono walijibu kwamba aliyevunjika kichwa haumii peke yake. Kitanda cha hospitali hulipiwa na jamii, na mayatima hulelewa na jamii.

Ugumu mwingine ulitokea baada ya sheria kupita. Masingasinga, yaani waumini wa dini ya Sikh, walieleza kwamba imani yao huwataka wavae kilemba, na kilemba hakiingii ndani ya kofia ngumu. Bunge la Uingereza likawasikiliza, na mwaka 1976 likapitisha sheria ya kuwasamehe Masingasinga wanaovaa kilemba. Unaweza kukubali uamuzi huo au kuukataa, lakini zingatia njia iliyotumika: raia walipeleka hoja yao bungeni, na sheria ikarekebishwa hadharani. Hawakuachiwa wamalizane na askari kila mmoja peke yake njiani.

Marekani ilipita njia tofauti. Mwaka 1966 serikali kuu iliyashurutisha majimbo kutunga sheria za kofia kwa kutishia kuyanyima sehemu ya fedha za barabara, na kufikia mwaka 1975 karibu majimbo yote yalikuwa yametii. Mwaka 1976 Bunge likaliondoa tishio hilo. Majimbo mengi yakazifuta sheria hizo au kuzipunguza makali, na vifo vikaongezeka. Sheria iliyosimama kwa mkongojo wa fedha ilianguka mara mkongojo ulipoondolewa.

Kutoka mpakani Busia hadi Kampala

Sasa turudi nyumbani. Wengi wenu mnajua kwamba neno “bodaboda” limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Katika miaka ya 1960, mjini Busia, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, vijana wenye baiskeli walianza kuwabeba wasafiri na mizigo baina ya vituo vya nchi hizo mbili. Waliweka mto kwenye kiti cha nyuma, wakawa wanawaita wateja: boda, boda! Katika miaka ya 1970, uchumi wa Uganda ulipovurugika chini ya utawala wa Idi Amin na magendo ya kahawa yakashamiri, njia za mpakani zikazidi kuwa na shughuli.

Miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli mjini Kampala. Mji ulikuwa unapanuka, barabara zilikuwa zimesongamana, na vijana walikosa ajira. Pikipiki ilijibu haja hizo zote kwa mpigo. Kijana aliyekosa kazi ofisini angeweza kukodi pikipiki ya mtu mwingine, akampelekea mwenye chombo fedha za siku, na kilichobaki kikawa chake.

Lakini baiskeli ilipogeuka pikipiki, mwendo uliongezeka na hatari pia, ilhali mazoea yalibaki yaleyale ya baiskeli. Kichwa kikabaki wazi na mzigo ukabebwa mapajani. Abiria nao wakaongezeka hadi wawili au watatu nyuma ya mwendeshaji mmoja, na aghalabu watatu hao ni wanafunzi kama ninyi.

Uganda ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani mwaka 1998, na mwaka 2004 zikatoka kanuni mahususi za pikipiki. Kofia ngumu ikawa ni wajibu wa kisheria. Nchi jirani nazo hazikukaa kimya. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, idadi ya pikipiki ikaongezeka kwa kasi. Mwaka 2012 ikairekebisha sheria yake ya barabarani ili mwendeshaji avae kofia ngumu na kizibao kinachoakisi mwanga, abebe abiria mmoja tu, na ampe abiria huyo vifaa vyake. Nchini Rwanda, anayepanda pikipiki ya abiria jijini Kigali hukabidhiwa kofia kabla safari haijaanza, na ni jambo la kawaida kama kulipa nauli.

Kukutana na kofia kizuizini

Hapa ndipo tunapoweza kumwelewa yule kijana aliyesema kwamba sheria ilitungwa ili askari wapate cha kula. Kule Uingereza ushahidi ulitangulia, amri ya jeshi ikafuata, na sheria ya raia ikaja mwisho. Kwetu mpangilio ulikuwa kinyume. Adhabu ilifika kijiweni kabla ya maelezo. Mwendeshaji wetu alikutana na kofia kizuizini, si hospitalini. Hakuna aliyekaa naye akamweleza habari za Cairns na wale majeruhi saba. Alichokijua ni kwamba asipoivaa, pikipiki itapakiwa kwenye gari la polisi, na atakosa fedha za kumpelekea mwenye chombo jioni.

Jambo jingine likazidisha mashaka. Machi 2017 afisa wa ngazi ya juu wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, aliuawa mjini Kampala na watu wenye bunduki waliokuwa kwenye pikipiki. Juni 2018 mbunge Ibrahim Abiriga akauawa kwa namna hiyohiyo. Mwezi huohuo Rais Museveni alipendekeza, pamoja na hatua nyingine za usalama, kwamba waendesha pikipiki wavae kofia zenye namba inayoonekana hata gizani. Nia ilikuwa kuwakamata wauaji, na hakuna raia mwema anayeipinga nia hiyo. Hata hivyo, kofia iliyobuniwa kulinda kichwa sasa ilitajwa kama kibao cha kumtambulisha mvaaji. Kwa mwendeshaji aliyekuwa tayari anamwogopa askari, hiyo haikuwa sababu ya kuipenda.

Kisha kuna hongo. Tuliseme wazi, kwa maana elimu ya uraia isiyoligusa jambo hili haina faida. Faini halali huandikwa kwenye karatasi, hulipwa benki, na huingia katika hazina ya taifa. Noti iliyokunjwa na kupenyezwa kiganjani huingia mfukoni mwa mtu. Tofauti haiishii kwenye fedha. Anayetoa hongo huruhusiwa kuendelea na safari kichwa wazi, kwa hiyo hongo huifuta sheria kwa siku hiyo. Askari amepata chake, mwendeshaji ameokoa muda wake, na kichwa kimebaki bila mtetezi. Wote wawili wamevunja sheria, yule anayepokea na yule anayetoa.

Kofia ni nini hasa?

Wengi hudhani kwamba kazi hufanywa na gamba gumu la nje. Gamba hilo husaidia kutawanya nguvu ya pigo, lakini kazi kubwa hufanywa na povu gumu lililo ndani yake. Kichwa kinapogonga ardhi, povu hilo hubonyea na kumeza sehemu ya nguvu ambayo ingeufikia ubongo. Kwa kuwa povu likishabonyea halirudi kama lilivyokuwa, kofia iliyokwisha kupata ajali hubadilishwa, hata kama haina ufa. Na kofia isiyofungwa mkanda kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Haiondoi hatari yote. Hakuna kofia inayoweza kufidia ulevi, mwendo wa kasi au abiria watatu.

Tulipofikia

Wiki mbili baadaye nilirudi pale kituoni, nikawasimulia waendeshaji habari hizi zote. Mkubwa wao alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema: “Kumbe ilianza na daktari, mwalimu. Sisi tulijua ni mambo ya polisi.” Yule kijana wa kwanza akauliza swali ambalo ni zito kuliko hotuba yangu yote: “Na kofia ya kweli, mwalimu, hiyo yenye povu, inauzwa bei gani? Maana mimi ninayoimudu ni ile ya plastiki ya kuonyesha askari.”

Swali hilo si la kumkosoa. Ni la kupelekwa kwa wenye mamlaka ya kupanga kodi, kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini na kusimamia askari wao. Serikali inayoniamuru nivae kofia ina wajibu wa kuhakikisha kwamba kofia ninayoimudu inanilinda kweli. Nami, nikishaipata, nina wajibu wa kuivaa na kuifunga, hata pale ambapo hakuna askari anayenitazama.

Kabla ya kuagana, jadilini maswali haya darasani kwa Kiswahili fasaha:

1. Je, serikali ina haki ya kumlinda raia dhidi ya uamuzi wake mwenyewe? Toa hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga.

2. Eleza tofauti kati ya faini na hongo. Nani hupata hasara katika kila moja?

3. Ukiwa abiria na mwendeshaji hana kofia ya kukupa, utafanya nini? Jibu kwa ukweli, si kwa kumfurahisha mwalimu.