Maelezo ya Mtuhumiwa Ni Sauti ya Nani?

Ndugu zangu wanaielewa isimu jamii nikiwaeleza kidogo tu. Nikisema uzamili wangu ni wa isimu ya kisheria, wanadhani nimehamia uwakili. Siku hizi huwa naanza na Timothy Evans.

Evans alikuwa dereva wa gari la mizigo London, na kusoma kulimshinda. Mwaka 1949 mkewe na binti yao mchanga waliuawa. Polisi wakaandika maelezo yake, ya kukiri yakiwemo, na tarehe 9 Machi 1950 akanyongwa. Miongoni mwa waliotoa ushahidi dhidi yake ni jirani wa chini, John Christie. Mwaka 1953 miili ya wanawake ikagundulika kwa Christie huyohuyo. Evans alipewa msamaha mwaka 1966, kaburini.

Miaka miwili baadaye Jan Svartvik, mwanaisimu wa Sweden, alichapisha uchambuzi wa maelezo yale. Je, sauti iliyomo ni moja? Alihesabu aina za vishazi, akakuta sehemu zinazomtia Evans hatiani zina sarufi tofauti na zilizobaki. Matini yalikuwa mafupi, na hakulificha hilo. Mimi uangalifu huo naupenda kuliko hata jina ambalo kitabu chake kililipa tawi hili.

Tawi lenyewe lilikua polepole. Katika miaka ya 1990 Malcolm Coulthard alichambua maelezo ya Derek Bentley, kijana wa miaka 19 aliyenyongwa Januari 1953. Polisi walidai aliyasema mwenyewe bila kuulizwa maswali. Coulthard akanasa kineno kimoja, "then". Maelezo yalisema "I then", kama ripoti za polisi, ilhali raia wa kawaida husema "then I". Hukumu ilifutwa mwaka 1998, ingawa sababu kubwa ilikuwa namna jaji alivyoliongoza jopo la waamuzi.

Kwetu mtego huo usingenasa kitu. "Then" yetu mara nyingi imejificha ndani ya kitenzi: nikaenda, nikamwona, akanijibu. Polisi anayo -ka- hiyo, mama ntilie anayo. Kwa hiyo nimeanza kukusanya vitu vingine: "majira ya saa", "mnamo tarehe tajwa", "nilibaini kuwa". Sijawahi kumsikia mama yangu akibaini kitu.