Kwani Mbwa ni Mtu?

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili wa sekondari, hapa Gashonga, aliandika katika insha yake: "Mbwa imelala mlangoni." Nikapiga mstari mwekundu chini ya neno imelala, na pembeni nikaandika amelala. Siku nilipowarudishia madaftari yao aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kwani mbwa ni mtu?" Darasa likacheka. Nami nikacheka, kisha nikampa jibu ambalo kila mwalimu wa Kiswahili analo mfukoni: majina ya viumbe wenye uhai, hata yakiwa na umbo la ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa A-WA. Jibu hilo ni sahihi. Lakini halikuwa jibu la swali aliloliuliza.

Kosa lake lina chimbuko linaloeleweka. Kwa Kinyarwanda twasema umuntu araryamye, mtu amelala, lakini imbwa iraryamye. Mbwa hapewi kiambishi cha mtu. Mtoto aliyekulia katika lugha hiyo akikutana na Kiswahili sanifu, anaona kwamba mbwa, mbuzi na hata siafu wamehamishiwa katika nyumba ya binadamu, na ana haki ya kuuliza ni nani aliyewahamisha na kwa sababu gani.

Ndugu msomaji, swali la namna hiyo lina jina. Mtu ni nini, na mpaka kati yake na visivyo mtu uko wapi? Hilo ni mojawapo ya maswali makuu ya falsafa, neno lililotufikia kutoka Kigiriki kwa njia ya Kiarabu, likiwa na maana ya kupenda hekima. Maswali mengine ni ndugu zake: kuwako ni nini hasa? Tunajuaje kwamba tunajua? Tuishi vipi na wenzetu? Wanafunzi wengi hudhani kwamba maswali haya ni mali ya Wazungu, na kwamba ni lazima yasomwe kwa Kifaransa au Kiingereza. Kumbe nchini mwetu alikuwapo padri aliyeyafuatilia ndani ya ngeli za Kinyarwanda.

Padri huyo ni Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912 na kupewa upadri mwaka 1941. Alikuwa mwanahistoria, mshairi na mkusanyaji wa mashairi ya kale ya jumba la wafalme. Kitabu alichokitoa mwaka 1952 juu ya utawala wa Rwanda ya kale hakikuwafurahisha wakoloni wa Kibelgiji, naye akapelekwa Roma. Kama nia ilikuwa kumnyamazisha, mpango ule ulikwenda kombo, maana huko Roma ndiko alikoandika tasnifu ya falsafa, iliyochapishwa Brussels mwaka 1956. Humo alichambua namna Wanyarwanda wanavyouelewa ulimwengu.

Kabla yake, mwaka 1945, mmisionari Mbelgiji Placide Tempels, aliyeishi na Waluba wa Katanga, alikuwa ametoa kitabu juu ya falsafa ya Wabantu. Tempels alidai kwamba kwa Wabantu kuwako ni kuwa na nguvu ya uhai. Kitabu kilisifiwa sana, lakini kilikuwa na kasoro inayoniudhi mpaka leo: mwandishi aliona kwamba Wabantu wenyewe hawawezi kuieleza falsafa yao, hivyo Mzungu ndiye wa kuwaelezea. Kagame alitaka ushahidi ambao mtu yeyote angeweza kuukagua. Akauchukua kutoka katika lugha.

Aligundua kwamba shina -ntu huzaa maneno manne. Umuntu ni kiumbe mwenye akili. Ikintu ni kitu kisicho na akili, na humo wamo mawe, miti na wanyama, pamoja na mbwa wetu wa mlangoni. Ahantu ni mahali na wakati. Ukuntu ni namna au jinsi. Kila kilichopo, alisema, huingia katika mojawapo ya makundi hayo manne, isipokuwa Imana, yaani Mungu, ambaye hahesabiki pamoja na vingine. Aristotle wa Ugiriki alikuwa ameorodhesha makundi kumi. Kagame aliyapanga upya kwa kipimo cha Kinyarwanda.

Sasa lete Kiswahili. Mtu tunaye, kitu tunacho. Lakini mahali ni neno lililotoka Kiarabu, na jinsi vilevile. Je, Mswahili alipoazima maneno hayo alikuwa amepoteza nusu ya ulimwengu? Hasha. Tazama kiambishi -po-. Nipo hapa ni mahali. Nilipofika ni wakati. Msimuliaji wa hadithi anaanza na "hapo zamani", akitumia neno la mahali kuonyesha wakati. Jina limeondoka, lakini wazo lile lile alilolieleza Kagame limebaki ndani ya kitenzi. Kila mara ninapofundisha -po- nafurahi kama mtu aliyeokota sarafu katika koti la zamani.

Hata hivyo hapa ndipo tunapopaswa kupunguza mwendo. Mwaka 1958 mtaalamu wa lugha Mfaransa Émile Benveniste alionyesha kwamba makundi kumi ya Aristotle yanafuata sarufi ya Kigiriki. Kama ni hivyo, je, mwanafalsafa anauona ulimwengu au anaiona sarufi yake tu? Miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin aliongeza ukali: falsafa haikai katika methali na ngeli za kabila zima, ni hoja za watu wenye majina, wanaojibizana na kusahihishana. Huko Nairobi, Henry Odera Oruka alitafuta njia ya tatu. Aliwaendea wazee wenye busara vijijini, akawauliza maswali na kuwabishia, ili atenganishe anayekariri ya mababu na anayeyapima kwa akili yake.

Nami nina ushahidi wangu mdogo, wa sokoni. Nenda Kamembe, usikilize Kiswahili kinachovuka mto Rusizi kutoka Bukavu. Utasikia mbwa na ng'ombe wakipewa i-, kama kwa Kinyarwanda. Sijaona kwamba mchuuzi wa Bukavu anamtendea ng'ombe vibaya kuliko mtu wa Tanga anayesema "ng'ombe anakula". Sarufi inatupa swali. Haitutendei kazi ya kulijibu.

Katika nchi yetu jambo hili si mchezo wa maneno. Katika miaka ya kuelekea Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, gazeti la Kangura, na baadaye redio ya RTLM, viliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na vyombo hivyo. Fikiri: waliosikiliza redio ile waliijua lugha ambayo Kagame aliichambua kwa upendo. Walijua tangu utotoni kwamba umuntu ni mmoja na inyenzi ni kingine, na ngeli zao hawakuzikosea. Lugha haikuwazuia. Mpaka wa mtu ulisogezwa kwa jina moja tu, lililorudiwa asubuhi na jioni, na jirani akajikuta upande wa pili.

Kwa hiyo wiki iliyofuata nilirudi kwa swali la mwanafunzi wangu. Niliandika ubaoni sentensi mbili: "Mbwa hana utu." "Muuaji hana utu." Nikawauliza kama sentensi hizo zinasema jambo moja. Walibishana karibu nusu saa, wengine wakiteleza na kuingia katika Kinyarwanda, nami sikuwakatiza. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alisema ya kwanza si lawama, kwa kuwa mbwa hakuwahi kuwa na utu. Ya pili ni lawama, kwa kuwa muuaji alikuwa nao. Yule mwenye insha akageuka akamtazama. "Basi yule aliyeitwa mende," akauliza, "yeye utu wake ulikwenda wapi?"

Kengele ililia. Niliwaambia waandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na wachunge upatanisho wa sarufi.