World Tour ya Badminton: Doh Iko Wapi, Pointi Ziko Wapi, na Kwa Nini Ukipoteza Kubwa Unaweza Kumpita Aliyeshinda Ndogo

Kama badminton kwako ni ile mchezo ya watoto wa mababi, raketi mbili na kinyoya kimoja nyuma ya nyumba, hebu tulia kiasi. Desemba 2025 huko Hangzhou, China, mwanadada wa Korea Kusini anayeitwa An Se-young alishinda fainali ya mwisho wa mwaka akabeba dola 240,000 kwa mpigo mmoja. Hiyo ni kama milioni 31 za Kenya. Lilikuwa taji lake la 11 mwaka huo, na jumla ya zawadi zake ikavuka dola milioni moja, kitu ambacho hakuna mchezaji wa badminton alikuwa amewahi kufanya kwa msimu mmoja. Alikuwa na miaka 23.

Hiyo ganji inatoka kwa kitu kinaitwa BWF World Tour. Usitafute ligi hapa. Hakuna timu, hakuna nyumbani na ugenini, hakuna jedwali la kubishania na mabeshte Jumatatu asubuhi. Ni msururu wa mashindano yanayohama kutoka mji mmoja hadi mwingine mwaka mzima. Wakimbiaji wetu wa marathon wanaijua hiyo maisha ya leo Boston, kesho Chicago, ila hawa wa vinyoya wanaweza kucheza wiki tatu mfululizo katika nchi tatu. Shirikisho la dunia, BWF, ndilo linasimamia, na mpango wa sasa ulianza 2018 kuchukua nafasi ya Super Series iliyokuwepo tangu 2007.

Kila shindano lina namba, na hiyo namba ndiyo inakuambia uzito wake. Super 1000 ndiyo mabazu: tangu 2023 ziko nne, Malaysia Open, All England, Indonesia Open na China Open. All England ndiyo mzee wa kijiji, imekuwepo tangu 1899. Chini yake kuna Super 750, halafu Super 500, halafu Super 300. Super 100 iko hapo mlangoni, ngazi ya kupandia.

Wiki yenyewe huenda hivi. Jumanne wanaanza wachezaji 32 kwa kila kitengo, na vitengo ni vitano: wanaume mmoja mmoja, wanawake mmoja mmoja, wanaume wawili wawili, wanawake wawili wawili, na mchanganyiko. Ukipoteza mara moja, unafunga begi. Ukishinda mara tano, Jumapili unainua kombe. Hizi sheria zinazochezwa tangu World Tour ianze ni rahisi: seti hufika 21, lazima uwe mbele kwa pointi mbili, mkifika 29 kwa 29 anayepata moja amemaliza. Anayeshinda seti mbili ndiye bingwa wa mechi.

Sasa twende kwa pesa, maana najua ndiyo imekuleta. World Tour ilipoanza, kiwango cha chini cha Super 1000 kilikuwa dola milioni moja, na kimepanda tangu hapo. China Open ilifika dola milioni mbili. Lakini hizo milioni hazigawanywi kama keki ya birthday. Kwa shindano la milioni moja, bingwa wa mmoja mmoja alichukua dola 70,000. Aliyetoka raundi ya kwanza alipewa dola 1,000. Shuka hadi Super 300 ya dola 150,000: bingwa 11,250, anayetoka robo fainali 900, na anayetoka raundi ya kwanza sufuri. Hata soda. Na tiketi ya ndege na hoteli ni juu yako, ama shirikisho lako, ama mdhamini kama unaye.

Kwa hivyo wengi wanaocheza huko chini hawafuati doh. Wanafuata pointi, na hapa ndipo mambo huwa moto.

Viwango vya dunia huhesabiwa kwa wiki 52 zilizopita, na huchukua matokeo yako 10 bora pekee. Kwa jedwali lililoanza na World Tour, bingwa wa Super 1000 hupata pointi 12,000. Super 750 ni 11,000, Super 500 ni 9,200, Super 300 ni 7,000, Super 100 ni 5,500. Nje ya World Tour kuna mashindano madogo ya ngazi tatu: International Challenge humpa bingwa 4,000, International Series 2,500, Future Series 1,700.

Cheki hii hesabu pole pole. Mtu akiingia Super 1000 akapigwa raundi ya kwanza, dakika 30 na kwaheri, anapata pointi 3,000. Wewe ukishinda International Series nzima, mechi zote, kombe mkononi, unapata 2,500. Aliyepoteza amekupita! Na ukishinda Future Series saba, ukizijumlisha unapata 11,900, bado hujafika taji moja la Super 1000. Mimi sioni kama ni uonevu kamili, maana hao 32 wa Super 1000 ni moto kweli na hata kupigwa nao si aibu. Lakini kuingia humo kunategemea kiwango chako, na kiwango chako kinategemea pointi, na pointi kubwa ziko humo ndani.

Halafu pointi huoza. Ukishinda shindano Machi mwaka huu, Machi ijayo zile pointi zinatoka kwa hesabu, uwe umepona goti ama bado. Ndiyo maana utaona mtu anacheza na bandeji hadi kiunoni.

Walio juu nao wana msalaba wao. Mpango ulipoanza 2018, wachezaji 15 bora wa mmoja mmoja na jozi 10 bora walilazimika kucheza mashindano yasiyopungua 12 kwa mwaka: Super 1000 zote, Super 750 zote, na Super 500 nne. Ukikosa bila sababu iliyokubaliwa, faini. Januari 2026 Anders Antonsen wa Denmark, aliyekuwa kati ya tano bora duniani, alijitoa India Open akisema hewa ya Delhi ni chafu kupita kiasi. Akatangaza mwenyewe kwamba amekatwa dola 5,000.

Kuna kitu kingine mafans wengi hawajui. Mchezaji hajiandikishi mwenyewe tu kwa sababu ni mkali. Shirikisho la nchi yake ndilo linapeleka jina. Lee Zii Jia wa Malaysia alishinda All England 2021, kisha akaamua kutoka timu ya taifa ajitegemee. Januari 2022 shirikisho la kwao likasema halitamwandikisha kwa mashindano ya kimataifa miaka miwili. Bingwa wa All England, amefungiwa nje na karatasi! Kelele zikapigwa, wakaketi chini, na adhabu ikaondolewa siku chache baadaye.

Na sisi? Tangu 2018 hadi 2025, hakuna shindano hata moja la World Tour lililochezwa Afrika. Kilicho karibu ni zile ngazi za chini, kama Uganda International pale Kampala, na hapa Kenya International imewahi kuchezwa. Msee wa Nairobi anaweza kupanda basi hadi Kampala akatafute pointi zake za kwanza. Baada ya hapo karibu kila ngazi inayofuata ni ndege, mara nyingi kuelekea Asia, kabla hajaona senti.

Mwaka hufungwa Desemba na World Tour Finals. Wanane bora wa msimu kwa kila kitengo, wasiozidi wawili kutoka nchi moja, makundi mawili ya wanne, wawili wa kila kundi nusu fainali. Hapa ukipoteza mechi ya kwanza bado una nafasi, tofauti na mwaka mzima uliopita. 2025 zawadi ilikuwa jumla ya dola milioni tatu, na ndiyo hiyo An Se-young alimalizia nayo.

Ukitaka kuanza kufuatilia, msimu hufunguliwa Januari na Malaysia Open, Kuala Lumpur, na BWF TV huonyesha mechi kwa YouTube. Usingoje Jumapili. Fungua Jumanne, tafuta kiwanja cha pembeni, umwangalie yule mtu usiyemjua jina akipigania pointi moja kama mtu anadaiwa rent.