Ushirikiano wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali: Mambo ya Kuandikwa Kabla ya Kazi Kuanza

Manusura mmoja wa ukatili wa kijinsia huweza kuhitaji huduma nne ndani ya wiki moja: matibabu, malazi salama, ushauri nasaha na msaada wa kisheria. Ni nadra shirika moja kuwa nazo zote. Katika wilaya nyingi za Tanzania Bara, huduma hizo zimegawanyika kati ya hospitali, Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi na mashirika mawili au matatu yasiyo ya kiserikali, kila shirika likiwa na mfadhili wake, eneo lake na daftari lake la wahudumiwa. Pale mashirika hayo yanaposhindwa kuelewana, anayeumia kwanza ni yule aliyetumwa kutoka ofisi moja hadi nyingine akieleza upya yaliyompata.

Mashirika hayo husimamiwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, Sura ya 56, iliyotanguliwa na Sera ya Taifa ya mwaka 2001. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Baraza la Taifa la Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, lijulikanalo kwa kifupi kama NaCoNGO, kuwa chombo cha uratibu kinachoendeshwa na mashirika yenyewe. Kwa mashirika ya kimataifa Sheria imekwenda mbali zaidi: yanatakiwa kujenga uwezo wa mashirika mengine na kujiepusha na matendo yanayoweza kuleta ushindani au kutoelewana baina ya mashirika. Ni sharti lisilotajwa mara nyingi, ingawa shirika dogo la wilayani linaloalikwa kushirikiana na shirika kubwa lina kila sababu ya kulifahamu.

Hatua ya awali ni kuthibitisha mshirika ni nani kisheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, cheti cha usajili hudumu kwa miaka 10 na huhuishwa kwa maombi. Aidha, taasisi zinazofanana kwa sura huweza kuwa zimesajiliwa chini ya sheria tofauti, ikiwemo Sheria ya Jumuiya na Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, na Zanzibar ina sheria yake na Msajili wake. Shirika lililosajiliwa kufanya kazi katika ngazi ya wilaya haliwezi kuchukuliwa kama la ngazi ya mkoa kwa sababu tu mradi umevuka mpaka. Shirika linalotoa msaada wa kisheria nalo linapaswa kutambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Maafisa wa maendeleo ya jamii walioteuliwa kuwa Wasajili Wasaidizi katika mikoa na wilaya ndio mahali pa karibu pa kuuliza.

Baada ya hapo huja hati ya makubaliano, na hapa ndipo haraka hugharimu. Hati nyingi huandikwa kwa lugha nzuri kuhusu maono ya pamoja, kisha zikanyamaza kuhusu fedha. Chukulia mashirika mawili yanayoomba ruzuku kwa pamoja: moja ni kiongozi, linasaini mkataba na mfadhili na kupokea fedha, la pili linapokea sehemu yake kwa awamu na kufanya kazi kubwa ya vijijini. Mfadhili akichelewesha awamu ya pili, nani atalipa posho za wahudumu wa jamii na kodi ya nyumba salama? Stakabadhi za shirika la pili zikikataliwa na mkaguzi, nani atarejesha fedha? Gharama za ofisi, umeme na mhasibu zinatolewa na fungu lipi? Maswali haya yasipojibiwa kwa maandishi, shirika dogo ndilo hubeba hasara, kwa kuwa halina akiba ya kusubiri.

Upande wa Serikali nao una masharti yake. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 zinalitaka shirika lililopata fedha zinazozidi Shilingi milioni 20 kuwasilisha mkataba wake Hazina na kwa Msajili kwa ajili ya idhini ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku 10 ni chache iwapo washirika hawajakubaliana mapema nani ataandaa nyaraka. Shirika linalopokea fedha kupitia shirika kiongozi lisidhani kwamba jambo hilo halilihusu. Ni vema limuulize Msajili Msaidizi kabla ya kuanza matumizi. Kila shirika pia huwasilisha taarifa yake ya mwaka. Taarifa mbili za mradi mmoja zikitaja idadi tofauti za watu waliohudumiwa, maelezo yatatakiwa kwa wote wawili.

Suala la taarifa za wahudumiwa linahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imeweka wajibu kwa kila anayekusanya au kuchakata taarifa za watu, na taarifa za afya na za watoto zinahesabiwa kuwa nyeti. Kwa maneno ya kazi, orodha ya manusura haitumwi katika kundi la WhatsApp la mradi, hata kama kila aliyemo ni mtumishi mwaminifu. Hati ya makubaliano itaje taarifa zipi zinahamishwa, kwa ridhaa ya nani, nani ana ufunguo wa kabati na zitafutwa lini. Fomu moja ya rufaa iliyokubaliwa na washirika wote humwondolea mhudumiwa adha ya kuhojiwa mara tatu.

Jambo dogo kwa macho lakini lenye uchungu mwingi ni jina. Nembo ya nani iko kwenye bango, nani anazungumza na waandishi wa habari, nani anakwenda kwenye kikao cha mfadhili. Wafanyakazi waliokesha na wahudumiwa husahau mishahara midogo upesi kuliko kazi yao kutajwa kuwa ya wengine.

Makubaliano yakishasainiwa hutunzwa kwa vikao. Hapa si lazima kubuni kitu kipya. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, uliweka kamati za ulinzi kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, na mashirika yanaweza kuzitumia kulinganisha kazi zao badala ya kuitisha mikutano sambamba inayowachosha watendaji walewale. Kikao chenye manufaa hupitia mambo machache: rufaa ngapi zilitumwa, ngapi zilipokelewa, na zilizopotea njiani zilikwamia wapi. Ni vizuri pia kila shirika liwe na maofisa wawili wanaofahamu ushirikiano huo, maana uhusiano uliojengwa juu ya mtu mmoja huondoka naye siku anapopata ajira kwingine.

Mradi hufika mwisho, na mara nyingi mwisho huo haukuandikiwa utaratibu. Hati ieleze muda wa notisi, hatma ya pikipiki, kompyuta na vifaa vingine, na mahali majalada yatakapohifadhiwa. Zaidi ya vyote, ieleze watu ambao mashauri yao yangali mahakamani na watoto waliopo katika nyumba salama watakabidhiwa kwa nani. Makabidhiano hayo yafanyike kwa maandishi, mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, kabla ya fedha za mwezi wa mwisho kwisha.